Mwanao fundi wa pool? Daftari litakuambia

Arusha. Jioni katika kata ya Terrat, Mlima Meru ukianza kufunikwa na wingu, vijana huizunguka meza ya pool kama wazee wanavyozunguka bao. Kati yao yumo wa miaka 19, muosha pikipiki. Mama yake, muuza mbogamboga, husikia mtaani kwamba mwanawe ni fundi. Nyumbani anaona mengine: hela ya kazi haifiki, na juzi kijana ameazima kwa dada yake hela ya kodi ya chumba.

Swali lake ni la wazazi wengi. Mtoto ana kipaji, au anajipa matumaini tu?

Jambo hilo linapimika. Wachezaji wa pool wana mazoezi ya alama ambayo mtu hucheza peke yake. Moja linalojulikana ni Bowliards. Mchezaji hupanga mipira 10, huifumua kwa pigo la kwanza, kisha kila anapopiga hutaja kwanza mpira na shimo. Akikosa hupewa nafasi moja zaidi. Akikosa tena, raundi imekwisha. Hucheza raundi 10, na alama za juu kabisa ni 300. Hapo hakuna mpinzani dhaifu wa kumpa ushindi wa bure.

Kwenye meza za mtaani za kulipia kila mchezo, mpira ukishatumbukia haurudi mpaka ulipe tena. Raundi 10 ni gharama. Kwa kuanzia, mchezo mmoja wa mapigo 15 unatosha:

- Mapigo 5 rahisi: mpira uwe shubiri moja kutoka shimo la kona, mweupe katikati ya meza.
- Mapigo 5 ya kati: mpira katikati ya meza, mweupe kwenye mstari wa kuanzia.
- Mapigo 5 magumu: mpira uguse ukingo wa mbali wa meza, mweupe kwenye mstari wa kuanzia.

Kila mpira unaotumbukia ni alama 1. Mweupe ukitumbukia, pigo hilo ni sifuri. Ukikosa, mpira unarudishwa palepale. Alama na tarehe ziandikwe kwenye daftari.

Siku moja haisemi kitu. Rudieni wiki kadhaa, kwenye meza ileile, maana kitambaa kilichochakaa au meza iliyoinama hubadilisha alama. Pasiwe na bia wala dau.

Kijana wa Terrat alijipa alama 13 kabla ya kuanza. Jumapili tatu mfululizo akapata 6, 11 na 7, wastani wa 8. Alichokuwa akikisimulia ni ile 11 tu. Ndivyo kamari inavyomshika mtu: siku ya kushinda hukaa kichwani, siku za kupoteza husahaulika.

Mzazi, usiitumie alama kumsimanga. Mwache aandike mwenyewe. Angalia zaidi dalili hizi: kuazima hela mara kwa mara, kucheza tena ili kurudisha alichopoteza, kudanganya kuhusu fedha, kukosa usingizi, na hasira akizuiwa. Ukiziona, zungumza naye mapema, na muone mhudumu wa kituo cha afya au ofisa ustawi wa jamii.

Kwa aliye chini ya miaka 18, meza iliyoko baa si mahali pake hata kama hanywi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye baa ahakikishe mtoto haingii humo.

Jumapili ya nne kijana alipata 9. Wiki hiyo hakuweka dau lolote, na dada yake amerudishiwa nusu ya deni.