Presha ambayo mashine ya mkono haioni

Ukiendesha baiskeli ndani ya Hell's Gate kuelekea Olkaria, mabomba ya mvuke yanakusindikiza njiani. Mvuke huo unazalisha stima tangu 1981, na hakuna fundi anayekisia presha yake. Kuna geji.

Sasa angalia yule msee wa group anayesukuma baiskeli akihema. Wenzake wanacheka, ati ni chipo. Sawa, Olkaria ni juu, karibu mita 2,000, lakini kama hata ngazi za ploti zinamkata pumzi miezi sasa, hiyo si mlima tena.

Akienda kliniki anafungwa mashine mkononi: 120 kwa 80, uko poa. Kumbe mwili una presha mbili. Upande wa kulia wa moyo unasukuma damu mapafuni peke yake, kwa nguvu kidogo tu. Kwa kawaida wastani wa presha huko hauzidi 20, na ukipanda, mashine ya mkono haiambiwi kitu. Msee anaambiwa ana pumu, ama wasiwasi, na miaka inasonga.

Geji ya huko ndani ni eko ya moyo. Unalala kwa ubavu wa kushoto, unapakwa jeli baridi kifuani, na mawimbi ya sauti yanachora moyo ukipiga, kama vile wanavyoangalia mtoto tumboni. Hakuna sindano. Daktari anapima kasi ya damu inayovuja ikirudi nyuma kwenye vali ya kulia. Kasi hiyo unaizidisha kwa yenyewe, halafu mara nne. Mita 2.8 kwa sekunde inakupa kama 31. Ikipita hapo, wanaanza kushuku. Anaangalia pia kama chumba cha kulia kimevimba.

Haya si ya wazee pekee. Koo lililouma utotoni bila kutibiwa linaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo, na presha ikarudi mapafuni. Moshi wa kuni na makaa wa miaka mingi, damu iliyoganda, HIV, kichocho, tundu la moyo la kuzaliwa nalo, zote zimo. Kwa dada anayepanga kupata mtoto, kujua mapema ni jambo la uhai: mimba ikikutana na presha hii inaweza kuua.

Miguu ikianza kuvimba ama mtu akizirai akipanda ngazi, moyo umeshaanza kushindwa. Eko inaweza kuona kabla ya hapo, ingawa ni makadirio. Kuthibitisha kunahitaji mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Dawa inategemea chanzo. Moja yazo, usicheke, ndiyo ile iliyo ndani ya Viagra, lakini si ya kujinunulia duka la dawa: kuna aina za ugonjwa huu haifai.

Kwa hivyo ukiambiwa presha iko sawa na pumzi bado inakata, uliza hivi: "Daktari, na upande wa kulia wa moyo? Naweza kupigwa eko?"