Jogoo wa Kromosomu ya Nane

Sogeeni, wajukuu, hiki ni kisa cha kweli. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya, pande zote mbili, juu na chini. Hakupata kuona kitu kama hicho. Baada ya muda mfupi, hospitali ya Jinja, akamkuta mwingine mwenye uvimbe uleule. Basi akawa na maswali yasiyomwacha alale. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakateremka kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ikaonekana kwamba ugonjwa ule hupenda nchi za joto na mvua, kule kule kwenye malaria nyingi. Leo tunauita limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu.

Chembe zinazougua huitwa seli B. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili, silaha za kupigana na vijidudu. Na kwa kuwa vijidudu ni vya kila namna, seli B hukata jeni zake yenyewe na kuziunga upya ili ipate silaha mpya. Kazi ya hatari hiyo! Seli nyingi za mwili hazithubutu. Mara mojamoja kiungo hukosewa: kipande cha kromosomu ya 8 kikahamia kwenye kromosomu ya 14.

Kipande hicho kimebeba jeni iitwayo MYC. Hiyo ni kama jogoo: akiwika, seli hugawanyika; akinyamaza, hutulia. Sasa jogoo amehamishiwa chini ya taa isiyozimwa, maana kwenye kromosomu ya 14 ndipo zilipo jeni za kingamwili, ambazo seli B huziwasha muda wote. Anawika usiku na mchana. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Lakini jogoo hafanyi hayo peke yake. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakiwa London, waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Kirusi hicho wanacho watu wengi duniani, na wengi hawaugui saratani. Ila malaria ikiichokoza seli B kila mara, ukataji huzidi, na kirusi huisaidia seli iliyoharibika isife.

Wala msimnyooshee mtu kidole: mtoto hakurithi kosa hilo kwa mama yake, hakurogwa, na hamwambukizi anayecheza naye. Tena seli zinazogawanyika mbio namna hiyo ndizo dawa za saratani huzipata kwa urahisi, na watoto wengi hupona wakiwahi. Kwa hiyo mkimwona mwenzenu taya au tumbo linavimba upesi, waambieni wakubwa wampeleke hospitali siku hiyohiyo.