Mwasho Usioisha: Kwa Nini Kujikuna Hakuiponyi Ngozi

Jasho na vumbi ni mambo ya kila siku kwa mkazi wa Misugusugu, kata ya Kibaha iliyo kando ya Barabara ya Morogoro. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, mambo hayo mawili yatosha kumnyima usingizi usiku kucha.

Mwaka 1660 tabibu Mjerumani Samuel Hafenreffer aliueleza mwasho kuwa ni hisia mbaya inayomfanya mtu atake kujikuna. Maelezo hayo yangali yanatumika. Mwasho uliozidi wiki sita huitwa mwasho sugu.

Ngozi yenye afya ni mfano wa ukuta: seli ni matofali, na mafuta ya asili ni udongo unaoyashikilia. Katika pumu ya ngozi, ugonjwa usioambukiza, ukuta huo una nyufa. Maji hutoka na ngozi hukauka; jasho, vumbi na sabuni kali hupenya na kuzichokoza ncha za mishipa ya fahamu. Mgonjwa hujikuna. Kucha hupanua nyufa, uvimbe huongezeka, na mwasho hurudi ukiwa mkali zaidi. Ndiyo maana nafuu ya kujikuna haidumu.

Katika ngozi nyeusi, uvimbe huo mara nyingi hauonekani mwekundu, bali wa kijivu, wa zambarau au mweusi zaidi. Kwa sababu hiyo ugonjwa hudharauliwa kwa urahisi.

Msingi wa tiba ni kuziba nyufa. Mgonjwa aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha apakwe mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kucha zikatwe, na nguo ziwe za pamba. Uvimbe ukizidi, krimu ya steroidi iliyoandikwa na tabibu huutuliza. Lakini steroidi kali zinazonunuliwa bila ushauri na kutumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Hata hivyo, si kila mwasho ni pumu ya ngozi. Wakiwashwa wengi katika nyumba moja, hasa usiku, huenda ni upele unaoletwa na vidudu vinavyochimba ngozini. Hapo kaya nzima hutibiwa kwa pamoja. Ngozi ikitoa usaha, au homa ikipanda, mgonjwa afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa, ambako akihitaji atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Tumbi.

Mzazi amwambiaye mtoto “acha kujikuna” humtaka jambo lililo nje ya uwezo wake. Badala ya kumkemea, na ampake mafuta.