Polisi inapotafuta mwanasheria: asome mbele ya amri, si kisha matatizo



Mtu akimaliza kusoma sheria, watu wa nyumbani wamekwisha kumpangia kazi: avoka, majistra, ao mwalimu wa chuo kikuu. Siku ukisema unapeleka dosie yako ku polisi, mama anashika kichwa: "Minerval yote tulilipa ile, sasa unaenda kusimamisha magari ku barabara?" Mama hana kosa. Polisi anayoijua njo ile ya barabarani. Lakini nyuma yake kuna ofisi zenye kutoa amri, kutunza dosie na kujibu barua za parke. Zinahitaji mtu wa kusoma sheria na kusema waziwazi inaruhusu nini na inakataza nini. Huyo njo mchambuzi wa sheria. Leo tuone kazi yake, namna ya kumchagua, na maswali ambayo wewe mwenyewe unapaswa kuuliza mbele ya kusinya.

1. Kazi yenyewe

Mchambuzi si OPJ. OPJ anachunguza kosa, anasikiliza watu, anaandika PV, na katika kazi hiyo anafuata maagizo ya majistra wa parke. Mchambuzi si avoka pia, maana avoka anatetea mtu mmoja katika kesi moja. Mchambuzi anasoma dosie nyingi kwa pamoja, anatafuta kosa linalorudi kila mara, anaandika nota kwa mkubwa mbele ya amri kutoka, na anatayarisha mafundisho ya mapolisi.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana anakamatwa siku ya tano, saa 11 jioni, juu ya telefone iliyopotea. Anaingizwa ku kasho. Siku ya posho inapita, siku ya Mungu inapita. Siku ya kwanza saa 4 asubuhi njo anafikishwa ku parke. Hesabu mwenyewe: masaa 65. Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinasema mtu hawezi kushikwa ku polisi kupita masaa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kwa kijana wetu, muda uliisha siku ya Mungu saa 11 jioni. Tangu hapo, polisi yenyewe ilikuwa inavunja Katiba.

Avoka atapiga kelele juu ya kijana huyu mmoja, na ni haki yake. Mchambuzi yeye anafungua kitabu cha kasho na kusoma miezi 6 nzima. Akiona kama karibu kila mtu aliyekamatwa siku ya tano jioni anavuka masaa 48, anajua shida si afande mmoja tu. Labda kitabu kinaandikwa tarehe bila saa, na hakuna anayeweza kuhesabu. Labda gari haina mafuta. Labda hakuna aliyeuliza parke ni majistra gani yuko zamu siku ya Mungu. Nota yake itakuwa ya ukurasa mmoja: saa ya kukamatwa iandikwe, mkubwa wa zamu ahesabu masaa asubuhi na jioni, parke itoe majina ya majistra wa zamu. Kwa nota kama ile, kijana wa juma lingine anaweza kulala kwao.

Mfano wa pili ni deni. Mtu amekopa, hajalipa, na mwenye kukopesha anakimbilia ku polisi. Kifungu cha 17 cha Katiba kinakataza kumfuata mtu juu ya kitendo ambacho sheria haikiiti kosa. Tena Kongo iliingia mwaka 1976 katika Mapatano ya kimataifa ya haki za kiraia na za kisiasa, ambayo kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kwa hiyo mchambuzi anauliza swali moja: katika dosie hii kuna udanganyifu, ama kuna umaskini tu? Kama ni umaskini, ile ni kazi ya tribinali ya madai, si ya kasho.

Mfano wa tatu ni maandamano. Mkubwa anaandika: "Hawana ruhusa, tufanye nini?" Kuna sheria-dekreti ya mwezi wa kwanza 1999 inayoongelea ruhusa. Lakini kifungu cha 26 cha Katiba kinaomba wenye kuandaa wajulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha na kuomba ruhusa si kitu kimoja. Na kifungu cha 221 kinasema sheria za zamani zinabaki, ila tu kama hazipingani na Katiba. Mtu asiyejua kuweka maandishi haya matatu pamoja, atampa mkubwa jibu la 1999. Na kisha jibu lile mapolisi wanatumwa ku barabara wakiwa na bunduki. Unaona sasa juu ya nini mtu huyu anapaswa kusoma mbele.

2. Namna ya kumchagua

Tunapenda kuangalia diploma na asilimia. Ni vizuri, lakini haitoshi. Mwenye alipata "distinction" anaweza kushindwa kuona kama PV haina saa. Kama ni mimi ningechagua, ningetia majaribio manne.

Kwanza, mpe dosie yenye makosa yaliyofichwa, na masaa mawili. Asikuandikie somo la chuo. Aonyeshe makosa, aseme kila moja linagusa kifungu gani, na aseme lipi linaweza kuangusha kesi ku tribinali. Dosie ya kubakwa ni mtihani mzuri: sheria ya 20 Julai 2006 juu ya namna ya kuendesha kesi inataka uchunguzi wa mwanzo usipite mwezi mmoja, na inakataza kuimaliza kesi ile kwa kulipa amande. Asiyeona neno "wamepatana" katika PV ya namna ile, huyo bado.

Pili, aiweke dosie yote katika ukurasa mmoja kwa mkubwa mwenye dakika tano. Kuandika kifupi ni ngumu kuliko kuandika kirefu.

Tatu, aeleze kitu kilekile kwa mdomo, kwa Kiswahili ao Lingala, kwa mapolisi wasiosoma sana. Katiba inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika luga anayoisikia. Kama polisi mwenyewe hakusikia sheria katika luga yake, atamwelezaje mwingine?

Nne, na hili njo kubwa: mwambie kama mkubwa anataka jibu la "ndiyo", wakati sheria inasema "hapana". Angalia ataandika nini. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna mtu anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Simwombi atukane mkubwa wake. Ninamwomba aandike "hapana" kwa heshima, aonyeshe sababu, na atafute njia nyingine ambayo sheria inaruhusu. Mwenye kuandika "ndiyo" kwa woga siku ya mtihani, ataandika "ndiyo" hata siku ya risasi.

Na tuseme ukweli: mtu akiingizwa juu ni mtoto wa dada ya mkubwa, jaribio la nne limekwisha kushindwa. Nani atamkatalia mjomba aliyemleta? Vilevile mwenye alilipa pesa ili dosie yake ipite. Ukiombwa pesa ya "kusukuma dosie", toka pale. Kazi ya kulinda sheria haiwezi kuanza kwa kuivunja.

3. Maswali yako mbele ya kusinya

Uliza: nitaingia kama polisi wa kazi, mwenye cheo na uniforme, ao kama mtumishi wa kawaida mwenye mkataba? Tofauti ni kubwa. Polisi wa kazi anafuata sheria 13/013 ya 1 Juni 2013. Tena kifungu cha 156 cha Katiba kinaweka makosa ya mapolisi mbele ya korti za kijeshi. Wengi wanajua hilo siku wamekwisha kuvaa.

Uliza pia: nota zangu zitasomwa na nani? Kama zinaishia ku mwandishi wa ofisi, utakuwa unaandikia kabati. Nitaweza kuona vitabu vya kasho, ao nitaletewa tu kile wanachotaka nione?

Wewe uliye bado ku chuo, anza sasa. Soma Katiba, zaidi vifungu vya 17, 18, 26, 28 na 182 mpaka 186. Soma kodi penali ya 1940, dekreti ya 6 Agosti 1959 juu ya namna ya kuendesha kesi za makosa, na ordonansi 78-289 ya 1978 juu ya OPJ. Ongeza sheria ya 2009 juu ya kulinda mtoto, ile ya 2011 inayohesabu mateso kuwa kosa, na sheria 11/013 ya 11 Agosti 2011 inayopanga Polisi ya Taifa. Enda ku tribinali, ukae nyuma, usikilize dosie zinavyoanguka. Kila juma andika nota moja ya ukurasa mmoja.

4. Asichoweza

Wengine watasema: mwanasheria mmoja atabadilisha nini? Swali ni la haki. Mwezi wa sita 2010, Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za watu, aliuawa Kinshasa kisha kuitwa ku makao makuu ya polisi, pamoja na dereva wake Fidèle Bazana. Kesi ilifika ku korti za kijeshi, mapolisi wakahukumiwa. Hakuna nota ingezuia watu waliokusudia kuua.

Lakini watu wengi wanaoteswa na makosa ya polisi hawateswi na mpango wa kuua. Wanateswa na kitabu kisicho na saa, na deni lililoitwa wizi, na barua ya maandamano ambayo hakuna aliyeisoma vizuri. Hapo mchambuzi anaweza kitu. Kifungu cha 183 kinasema polisi iko kwa kutumikia taifa, na kila mtu anayelala ku kasho usiku huu ni sehemu ya taifa lile.

Kwa hiyo mama akishika kichwa, mwambie: "Mama, siendi kusimamisha magari. Ninaenda kuhesabu masaa ya mtoto wa mwenzako."