Fahamu: Anayerudi kutoka vitani akifika Kisumu

Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema huenda Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi. Wapo walioahidiwa kazi za kawaida na mawakala. Sasa kijana akirudi Kondele, mtaa wa Kisumu, polisi wamwone kama mhalifu, mgonjwa au shahidi?

Swali hili si jipya. Aprili 2015, baada ya kundi la Al-Shabaab kuua watu 148 Garissa, Waziri wa Usalama wa Ndani Joseph Nkaissery alitangaza msamaha kwa waliotoka kundi hilo. Tangazo halikuwa na sheria ya kuwalinda, na wengi waliogopa kujitokeza.

Kisumu kuna kidonda kingine. Agosti 2017, polisi wakivamia nyumba Nyalenda, mtoto wa miezi 6 alipigwa kichwani, akafa. Mama anayekumbuka hilo hampigii mkuu wa kituo cha polisi (OCS) simu mwanawe akirudi. Ataanza na mzee wa Nyumba Kumi (ulinzi wa majirani), pasta au imamu. Basi polisi nao waanzie hapo. Afisa aje bila sare, daktari amwone kijana kwanza, wakili awepo. Kijana ndiye anayemjua wakala aliyemsafirisha, na ukimtisha umempoteza shahidi.

Akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani, kwa kawaida ndani ya saa 24.