Mteremko wa Tukuyu na taa ya njano

Kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara hushuka takriban mita 1,000 kwa kilomita 50 hivi, ikiacha baridi ya mashamba ya chai na kuingia kwenye joto la mpunga na kakao. Mvua ya huku haina haja ya kuelezwa. Magari mengi yanayoteremka ni mtumba wa Japani: Noah, Hiace, Probox, IST. Baadhi yana mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, ambao Toyota huuita VSC na wengine ESP. Wenye magari wengi hawajui kama wanao.

Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1995, kwenye magari ya wakubwa. Umaarufu ulikuja kwa aibu. Oktoba 1997, jarida la Teknikens Värld la Sweden lilijaribu A-Class mpya kwa kuikwepesha ghafla, kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani, nayo ikapinduka. Mercedes wakasimamisha mauzo kwa muda, kisha wakafunga ESP kwenye kila A-Class. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya mwishoni mwa 2014. IST ya 2004 ilikuwa imeshatoka kiwandani zamani.

Kila gurudumu lina sensa. Nyingine iko kwenye usukani, na nyingine hupima gari linavyojizungusha. Kompyuta hulinganisha dereva anakotaka kwenda na gari linakoelekea. Mkia ukitoka nje ya kona, mfumo hushika breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje. Pua ikigoma kukata kona, hushika la nyuma la upande wa ndani na kupunguza nguvu ya injini. Hufanya hivyo kabla abiria wa mbele hajapata nafasi ya kulalamika.

Lakini mfumo huu hugawa mshiko uliopo tu, hauongezi hata kidogo. Tairi zikiwa kipara na lami imelowa, hakuna cha kugawa. Na ukifunga tairi za vipimo tofauti, jambo la kawaida kwa anayenunua moja moja, sensa zitasoma kasi zinazopingana na kompyuta itaamini gari linateleza likiwa limenyooka.

Breki nazo ni zilezile. Noah iliyojaa, yenye uzito wa tani mbili hivi, ikishuka mita 1,000 hutoa nishati ya kutosha kuchemsha ndoo tatu za lita 20 za maji. Sehemu huliwa na upepo, tairi na injini. Kinachobaki huishia kwenye diski na pedi. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu, na yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 140. Hapo pedali huzama, na VSC haina breki ya kukamata.

Dawa ni gia ndogo. Wapo wanaoshuka na fri wakisema wanabana mafuta. Injini ya sindano ikishuka ndani ya gia hukata mafuta kabisa. Ikiwa fri lazima iendelee kuyachoma ili isizimike. Kwa hiyo wanapoteza breki ya injini, na mafuta pia.

Kitufe cha kuzima mfumo kina kazi ya halali kwenye tope la njia za mashambani, kwa sababu gari lililozama linahitaji gurudumu lizunguke, na kompyuta hukata nguvu. Ukitoka kwenye tope, uuwashe.

Anayenunua gari na atazame dashibodi anapowasha swichi. Taa ya njano yenye kigari na alama za kuteleza inatakiwa iwake kidogo kisha izimike. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu au mfumo umezimwa. Kama gari lina VSC na taa haikuwaka kabisa, muulize muuzaji ni fundi gani aliyeing'oa, na alilipwa kiasi gani.