Lenzi Kuukuu kwa Sura za Watu wa Pwani

Mpiga picha wa Malindi au Kilifi anayetaka lenzi nzuri ya picha za sura, yaani picha ambazo uso wa mtu ndio kiini chake, bila kumaliza mapato ya msimu mzima wa harusi, ana njia moja ambayo bado haijathaminiwa ipasavyo. Njia hiyo ni lenzi za zamani za fokasi ya mkono, zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu kati ya miaka ya 1950 na 1980, ambazo kwa pete ndogo ya chuma iitwayo adapta huweza kufungwa kwenye kamera ya dijitali ya leo. Lenzi hizi huuzwa kama mtumba, hazina mota ndani yake, na mpigaji mwenyewe ndiye anayezungusha pete mpaka sura ikae sawa. Ushauri mwingi unaotolewa kuzihusu, hata hivyo, hutoka kwa watu wa nchi za baridi, nao huanza na majina: ya Kirusi hii, ya Kijapani ile. Katika mwambao wa Kenya yapo mambo mawili yanayopaswa kutangulia jina, nayo ni hewa na mwanga.

Unyevu wa hewa katika mwambao huu huwa juu karibu mwaka mzima, na huzidi wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, ambapo nguo huweza kushinda kwenye kamba bila kukauka. Hali hiyo ndiyo inayostawisha kuvu, viumbe vidogo vinavyoota juu ya vioo vya ndani ya lenzi kwa kujilisha vumbi na mabaki ya grisi, na vinapoachwa muda mrefu hutoa tindikali inayokula tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo ili kuzuia mng'ao. Kuvu changa husafishika. Kuvu iliyokwisha kula tabaka huacha kovu lisilofutika, hata kama fundi ataiondoa yote. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mnunuzi wa Pwani ni lenzi imekaa wapi na imehifadhiwa vipi. Swali la nani aliyeitengeneza linaweza kusubiri.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji kifaa chochote zaidi ya kurunzi ya simu. Mnunuzi afungue tundu la lenzi, yaani mwanya unaopitisha mwanga, hadi mwisho, aingie mahali penye kiza, amulike kutoka upande wa nyuma, kisha atazame kupitia mbele kwa mshazari, akiigeuza lenzi polepole. Vumbi litaonekana kama nukta zilizotawanyika, na halina madhara yoyote katika picha. Kuvu itaonekana kama nyuzi za utando wa buibui zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukungu mweupe uliotandaa sawasawa juu ya kioo kizima, ambao aghalabu ni mvuke wa grisi iliyoyeyuka kwa joto la miaka mingi, ni mbaya kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa huifanya picha nzima ipauke. Mikwaruzo michache kwenye kioo cha mbele haipaswi kumtisha mtu, ilhali mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma huonekana katika picha kwa urahisi zaidi. Baada ya hapo azungushe pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho: ikiwa nzito kidogo lakini laini, hiyo ni afya, ikikwaruza, huenda mchanga umeingia, na mchanga wa ufuoni ndani ya nyuzi za chuma ni ugonjwa ambao mafundi wachache watakubali kuutibu kwa bei nafuu.

Jambo la pili ni mwanga. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, likitia kivuli kizito kwenye matundu ya macho na chini ya pua, huku mchanga mweupe ukirudisha mwanga kutoka chini. Bahari iko mashariki. Maana yake ni kwamba jua laini la alfajiri huchomoza kutoka majini, ilhali jua la jioni huzama nyuma ya mji, upande wa bara, na picha ya magharibi yenye jua linalozama baharini, inayopendwa sana kwingineko duniani, haipatikani kwenye ufuo huu. Katika ghuba ya Kilifi hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa maji yake yanaingia bara kuelekea magharibi, na jua la jioni huweza kuonekana juu ya maji kutoka ng'ambo ya Mnarani au upande wa mjini.

Mpangilio huo wa jua unaihusu lenzi moja kwa moja. Anayempiga mtu picha asubuhi akiwa amesimama na bahari nyuma yake anaielekeza lenzi kwenye jua, na lenzi nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina tabaka moja tu la kuzuia mng'ao, hivyo mwanga unaoingia huchezacheza baina ya vioo na kuifunika picha kwa weupe. Wapo wanaoupenda weupe huo na kuutafuta makusudi. Lakini kwa ngozi nyeusi, ambayo uzuri wake katika picha hutegemea jinsi vivuli vyake vinavyotunzwa na kutofautishwa, weupe huo huiba kina cha sura na kuifanya ionekane ya kijivu. Lenzi zenye matabaka mengi, ambazo zilianza kuenea miaka ya 1970, hustahimili hali hiyo vizuri zaidi, na hata yenye tabaka moja husaidika sana ikivishwa kikinga jua, lile bomba fupi linalofungwa mbele ya lenzi na ambalo wauzaji wengi huwa wameshalipoteza.

Baada ya hewa na mwanga ndipo lije suala la urefu wa fokasi, yaani kipimo kwa milimita kinachoonyesha lenzi inavuta kiasi gani. Kwa kamera yenye sensa kubwa, ya milimita 36 kwa 24, urefu uliozoeleka kwa picha za sura ni kati ya milimita 85 na 105. Kamera nyingi zinazouzwa kwa bei ya kawaida, hata hivyo, zina sensa ndogo zaidi, ya takriban milimita 24 kwa 16, ambayo hukata kingo za taswira, kiasi kwamba lenzi ya milimita 58 huona eneo lile lile ambalo lenzi ya 87 au 93 ingeliona kwenye sensa kubwa. Mwenye kamera ya namna hiyo hana haja ya kukimbilia 105. Katika vichochoro vya Shela, mtaa mkongwe wa Malindi, au chini ya baraza la makuti ambako mwanga ni mwororo na sura hupendeza, hakuna nafasi ya kurudi nyuma mita nne. Na ieleweke kwamba kinachobadilisha umbo la uso ni umbali kati ya kamera na mtu: anayesogea hadi nusu mita atakuza pua na kudogosha masikio kwa lenzi yoyote ile, na anayesimama mita moja na nusu au mbili ataheshimu uso kama ulivyo.

Ipo pia hesabu ya vishikio, ambayo imewapotezea wengi fedha zao. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kati ya uso wa kishikio cha lenzi na sensa, na lenzi hufanya kazi sawasawa ikiwekwa katika umbali ule ule uliokusudiwa na watengenezaji wake. Lenzi za skrubu ya M42, skrubu ya kipenyo cha milimita 42 iliyotumiwa na viwanda vya Ujerumani, Urusi na Japani, zinahitaji milimita 45.46, nazo kamera za Canon za kioo, yaani zile zenye kioo cha ndani kinachoruka wakati wa kupiga, zina milimita 44, kwa hiyo adapta nyembamba inatosha. Kamera za Nikon za kioo zina milimita 46.5, na hapo lenzi ya M42 haiwezi kuona vitu vya mbali mpaka adapta yenyewe iwe na kioo cha kusahihisha, kioo ambacho kwa kawaida huharibu ubora uliotafutwa. Lenzi za zamani za Canon za kishikio cha FD, zenye milimita 42, hazifai kwenye kamera za kioo za Canon hiyo hiyo zilizofuata. Kamera mpya zisizo na kioo zimeondoa tatizo hili lote, maana umbali wake ni mfupi mno, milimita 18 kwa Sony na 16 kwa Nikon Z, na karibu kila lenzi kuukuu inazikubali.

Kati ya majina, linalotajwa kwanza ni Helios 44-2, ya milimita 58 na tundu la f/2, iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zenit, kwa kufuata mchoro wa lenzi ya Biotar ya kiwanda cha Carl Zeiss cha Jena. Tarakimu mbili za mwanzo za nambari yake ya mfululizo, mara nyingi, ni mwaka wa kutengenezwa. Lenzi hii husifiwa kwa jinsi inavyozungusha mandhari ya nyuma, majani yakaonekana kama yanamzunguka mtu, na hapa mnunuzi anastahili kuambiwa ukweli: mzunguko huo hutokea zaidi kwenye kingo za taswira, kingo zile zile ambazo sensa ndogo huzikata. Mwenye sensa ndogo atapata lenzi nzuri ya sura, lakini ule mzunguko atauona kwa mbali tu. Sababu bora ya kuipendekeza Pwani ni nyingine. Ni rahisi kufunguliwa na kusafishwa kuliko nyingi za rika lake, na tundu lake hufungwa kwa pete ya mkono, hivyo mafuta yakiingia kwenye mabapa manane yanayolifunga hayaizuii kufanya kazi. Kwenye baadhi ya kamera za Canon zenye sensa kubwa kioo huweza kuigonga kwa nyuma, jambo linalofaa kuulizwa kabla ya kulipa.

Jupiter-9, ya milimita 85 na f/2, ambayo ni ya ukoo wa Sonnar ya Zeiss, ina mabapa 15 na huyeyusha mandhari kwa upole usio na kifani, ila nyuzi zake za fokasi zina sifa ya kuwasumbua mafundi. Takumar za Pentax zimejengwa vizuri mno. Ile ya milimita 50 na f/1.4 katika toleo lenye kioo cha thoriamu hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na rangi hiyo hupungua lenzi ikianikwa juani kwa siku kadhaa, dawa ambayo Malindi haina upungufu nayo. Kwa mwenye sensa kubwa na fedha zaidi kidogo, hakuna chaguo la busara zaidi kuliko Nikkor ya milimita 105 na f/2.5, iliyotoka kwa kamera za Nikon za kioo mwaka 1959 na ambayo Steve McCurry aliitumia mwaka 1984 kupiga sura ya msichana mkimbizi wa Afghanistan, picha iliyojulikana dunia nzima. Ikumbukwe tu kwamba kamera ndogo za Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazipimi mwanga zikifungwa lenzi za namna hii, na mpigaji hulazimika kupanga mwenyewe. Si hasara kubwa: kipimo cha kamera, kikiona kanzu nyeupe na mchanga, hufanya uso uwe mweusi kupita kiasi, na mpigaji wa Pwani hujifunza mapema kupima mwanga wa uso peke yake.

Fokasi ya mkono inadai utulivu. Kwa lenzi ya milimita 58 kwenye sensa ndogo, tundu likiwa f/2 na mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali haizidi sentimita 5 hivi, na mtu akiinamisha kichwa kidogo jicho hutoka nje ya mstari. Kufunga tundu hadi f/4 huongeza kina hicho karibu maradufu. Kamera zisizo na kioo husaidia kwa kukuza sehemu ya taswira na kupaka rangi kwenye kingo zilizo kali. Zaidi ya hayo, mtu anayepigwa picha lazima ajue kwamba anapigwa, akae, na akubali kusubiri, na jambo hilo lina mizizi hapa. Omar Said Bakor katika studio yake Lamu, na N. V. Parekh Mombasa, waliwapiga picha watu wa mwambao wakiwa wamejipanga kwa hiari yao, kwa leso, buibui na suti walizochagua wenyewe. Katika jamii ambako wanawake wengi wana sababu za dini na heshima za kutotaka sura zao zisambae, na ambako wazee wa kaya za Wamijikenda hawapigwi picha bila idhini, kifaa kinachomlazimu mpigaji aombe ruhusa kwanza kina manufaa yanayozidi ya macho.

Kwa sababu hiyo hiyo, lenzi kuukuu haimfai anayefuata bibi harusi akiingia ukumbini. Lenzi mpya ya milimita 50 na f/1.8 yenye fokasi ya kujiendesha, ambayo Canon iliitoa mwaka 2015 kwa takriban dola 125 za Marekani, ndiyo inayopaswa kununuliwa kwanza na mwenye kazi hiyo, hasa kwa kuwa Helios yenye afya, ikijumlishwa na adapta, nauli na ushuru wa forodha, huweza kuikaribia bei hiyo. Lenzi kuukuu ije baadaye, kwa ajili ya picha za kukaa.

Ikishanunuliwa, isirudishwe kabatini pamoja na nguo. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, vifuko vya silika jeli vinavyokaushwa mara kwa mara kwenye moto mdogo, na kipima unyevu cha bei rahisi kinachobaki kati ya asilimia 40 na 50, vinatosha kabisa. Mchele usitumike, kwa kuwa una vumbi. Nao mkoba wa ngozi ambao aghalabu huja pamoja na lenzi hizi, hata uwe mzuri kiasi gani, ukae mbali na chombo hicho, maana ngozi kuukuu hufuga kuvu kuliko kitu kingine chochote kilichomo ndani ya kifurushi.